Kitanda cha Mpima Magari

Habari ililetwa na Mama Redio, na kama kawaida yake aliileta kabla ya salamu.

"Yule mzee wako wa bandarini anamchongea mkewe jeneza. Na mkewe yu hai, jana tu kanywa uji!"

Shikilia alikuwa uani anaanika nepi, mtoto mgongoni, vibanio viwili vimebanwa kwa meno. Hakuweza kujibu upesi, na Mama Redio ni mtu ambaye ukichelewa kumjibu anahesabu umekubali.

"Nimeona kwa macho yangu, si ya kuazima. Nilipita nyuma ya ukuta wao namfuata kuku wangu, nikachungulia kidogo tu. Mke kalazwa mkekani, chali. Mzee kapiga magoti na ile futi yake ya chuma. Kampima utosini mpaka kisiginoni. Kampima mabega. Halafu akaandika! Katoa penseli sikioni, kaandika kwenye ubao. Na mbao zimepangwa pale, nane, randa iko tayari. Sasa niambie wewe, mtu humpima mwenzake mabega kwa ajili ya nini? Gauni?"

"Labda anamtengenezea kitanda," Shikilia alisema, vibanio vimeshatoka mdomoni.

"Kitanda wanacho. Nimekiona."

"Umekionaje, nawe ulikuwa nyuma ya ukuta?"

"Ah! Mtu akipita si anaona?" Mama Redio akakusanya nguo yake kiunoni na kwenda zake nyumba ya tatu, maana habari ikikaa sana mahali pamoja huchacha.

Shikilia alicheka peke yake. Lakini alipomaliza kuanika aligundua nepi mbili ameziacha kwenye beseni, na nyingine ameianika na sabuni yake. Miaka miwili amefanya kazi na Mzee Futi. Anajua kwamba mzee huyo hapimi kitu bila sababu.

Kazi yao ni hii. Bandari yao ndogo ina feri ya kuvusha magari kwenda ng'ambo, safari ya kutwa nzima baharini, na kila gari linalotaka kuvuka lazima lipimwe kwanza, urefu na kimo. Meli hupangwa kama sanduku la bibi harusi: ukikosea kukunja kimoja, kifuniko hakifungi. Mzee Futi hushika upande wa kusomea. Ncha ya pili hushikwa na mwanamke huyu kijana, ambaye kabla ya hapo alikuwa akifagia ghala. Kutwa nzima kinachosikika langoni ni sauti moja ya mzee, "Shikilia!", na yeye anabana ncha kwenye bampa la mbele, na mzee anarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mwisho wa gari. Haikupita wiki makuli wakamwita hivyo, na sasa hata mume wake humwita Shikilia akitaka kumchokoza.

Wateja wao wa kupendeza kuliko wote ni wale wasafiri wa masafa marefu, wanaotoka nchi ya kwanza hadi ya tano juu ya magurudumu yao wenyewe, na bahari kwao ni kama mto tu uliokatiza barabara. Wanakuja na magari-nyumba yenye mapazia, jiko, na sufuria zinazoning'inia. Wanakuja na pikipiki zilizobebeshwa masanduku mpaka zinafanana na punda. Na wote, wawe wa rangi yoyote, wanabisha. Kuna mmoja alikuwa na baiskeli mbili amezifunga nyuma ya gari, akasema baiskeli si gari, zisihesabiwe kwenye urefu.

"Sawa," Mzee Futi alimjibu. "Basi zishushe ziogelee."

Neno lake kubwa ni "Futi haina mjomba." Alimwambia hivyo bwana mmoja aliyeshuka na walinzi wawili, na akamwambia hivyo mama mmoja aliyemlilia. Haneni kwa ukali. Hulisema kama mtu anayekwambia saa ngapi. Zamani alikuwa seremala, na useremala ulipomkauka alikuja bandarini kuomba kazi yoyote, akapewa futi na kusimamishwa langoni, akakaa hapo miaka ishirini na miwili. Kila jioni huifuta futi yake kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, chumvi isiile. Hana mtoto. Hana deni la maneno na mtu. Katika miaka hiyo yote hakuna anayekumbuka kumsikia akiomba kitu, hata kiberiti.

Kesho yake feri haikuwa inakuja, na Shikilia akafunga mbeleko, akatia machungwa matano kwenye mfuko, akaenda kumwamkia mke wa mzee.

Nyumba yao ni vyumba viwili na ua. Chumba cha mbele kina kabati la vyombo, meza, na kalenda ya kampuni ya kamba. Cha nyuma kina dirisha kubwa, na chini ya dirisha kuna kitanda, na kitandani alikuwa amelala huyo ambaye mume humwita Bibie na Shikilia humwita Shangazi. Alipooza upande wa kulia miezi kumi na minne nyuma, akiwa anapiga pasi shati la mume. Ulimi ulirudi polepole. Mguu na mkono havikurudi.

"Karibu," alisema, mdomo umevutwa kidogo upande. "Umekuja kuona jeneza?"

Shikilia akakosa pa kuweka uso. "Shangazi, nani amekwambia..."

"Kuku wa yule mama ndiye aliyeniambia. Kila siku anapotea hapa hapa, nyuma ya ukuta wangu." Akacheka, kicheko kikatoka nusu, lakini macho yakacheka kizima. "Nipe huyo mtoto. Mlaze huku, mkono huu unafanya kazi."

Mtoto akalazwa kwapani mwake, akaanza kumvuta kifungo cha gauni. Mwanamke yule akamwacha avute.

"Ananipima kila siku kama lori," alisema. "Jana kaniambia nimepungua sentimita moja. Nikamwambia basi na nauli ishuke. Nenda uani ukaone mwenyewe, maana akija kukueleza yeye utaambiwa kwa namba tupu."

Uani kulikuwa na gari la zamani la kusambazia mikate. Ubavuni bado lina mchoro wa mkate uliofifia, na magurudumu yake yalikuwa yamelala kwenye majani kwa miezi mingi, matumbo ya matairi yametanuka chini. Mzee Futi alikuwa ndani yake, amepiga magoti, anasugua ubao kwa msasa. Hakushtuka kumwona mgeni.

"Pitisha mkono hapa," alisema.

Shikilia akapitisha mkono. Ulikuwa ni ukingo wa kitanda, laini kama shavu la mtoto. Upande wa nje kulikuwa na ubao mwingine umesimama, kimo cha kiganja, ili bahari ikiyumba mtu asiviringike. Juu palitobolewa tundu la hewa lenye kifuniko. Na ubavuni, usawa wa kichwa cha mtu aliyelala, kulikuwa na kidirisha kidogo, si cha gari, cha nyumba, kina hata komeo. Vikombe viwili vilining'inia kwenye ndoano. Hapo Shikilia akaelewa: miaka yote ile mzee alipokuwa anapima magari ya wasafiri kwa nje, macho yake yalikuwa yanaingia ndani, yanajifunza wanavyofunga vikombe na wanavyolala.

Sababu yenyewe ilikuwa dada. Bibie ana dada yake wa tumbo moja, ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, anaishi ng'ambo, siku mbili kwa barabara kutoka pale feri inapotia nanga. Hawajaonana miaka kumi na mmoja. Huyo dada sasa haoni tena. Wanaongea kwa simu kila Ijumaa, na kila Ijumaa dada anasema lile lile: sauti yako ninayo, ninachotaka ni kukushika uso. Kusafiri kwa basi hakuwezekani, maana Bibie hawezi kukaa wima hata nusu saa. Daktari alisema anaweza kusafiri akiwa amelala, na akasema iwe sasa kuliko baadaye. Hakueleza zaidi, wala wao hawakumuuliza.

"Kwa hiyo nikafikiri," Mzee Futi alisema, akipuliza unga wa mbao, "kama hawezi kukaa kwenye safari, basi safari ndiyo ilale."

Palikuwa na jambo moja la kuangalia. Feri ya abiria ina dari la chini. Chini ya dari hilo yamepita mabomba ya maji ya kuzimia moto, na gari lililozidi mita mbili na sentimita arobaini haliingii. Linangoja meli ya malori, na meli ya malori huchukua dereva peke yake, hakuna mtu mwingine. Ndiyo maana mzee alipima mara tatu, na tundu la hewa na vyote, na mara tatu akapata mia mbili thelathini na tisa.

Wiki ya pili akalileta gari bandarini lipimwe rasmi, siku nne kabla ya safari. Asubuhi ile wenzake wote walijipenyeza langoni kutazama. Alikuwapo karani wao, ambaye kwa kuwa kazi yake ni kugonga mhuri walikwishamwita Mhuri, na alikuwapo msafiri mmoja wa kike mwenye pikipiki, pua imebabuka kwa jua, anayesubiri zamu yake.

Mzee Futi akashuka, akasimama, akanyoosha ncha ya futi kwa Shikilia, kisha akasita.

"Hapana," alisema. "Kinyozi hajinyoi. Soma wewe."

Shikilia hakuwahi kusimama upande wa kusomea. Akapokea futi kama mtu anayepokea mtoto wa mwenzake. Mzee akaenda mbele, akabana ncha kwenye bampa, akangoja.

"Sasa si useme!" Mhuri akapiga kelele.

"Shikilia... mzee," alisema kwa sauti ndogo, na lango zima likaangua kicheko. Mzee mwenyewe akatikisika mabega.

Urefu ulipita bila neno. Kimo hupimwa kwa fito ndefu yenye mkono unaolala juu ya paa. Shikilia akaisimamisha fito, akalaza mkono juu ya kifuniko cha tundu la hewa, akasoma. Akafumba macho, akayafumbua, akasoma tena. Aliomba kimoyomoyo namba ibadilike, kama unavyomwomba mtoto mwenye homa apoe.

"Soma," mzee alisema.

"Mia mbili arobaini na mbili."

Hakuna aliyecheka tena. Mzee Futi akaja mwenyewe, akachungulia, akarudi kusimama alipokuwa. Uso wake ulikuwa kama ukuta ulioondolewa saa.

Mhuri akamsogelea, akamshika kiwiko. "Mzee wangu, sentimita mbili ni nini? Unene wa kidole. Naandika arobaini, nagonga, unaondoka na mama yetu. Ni nani atakayeona?"

"Bomba litaona."

"Bomba lina macho?"

"Mwaka ule wa bwana mwenye sanduku juu ya paa, umesahau? Alisema arobaini, ilikuwa arobaini na tatu. Bomba lilipasuka, magari thelathini yakaoga, meli ikakaa siku mbili. Mimi ndiye niliyemfokea. Leo nimwambie nini?" Akapangusa mikono kwenye suruali ingawa haikuwa na kitu. "Futi haina mjomba. Itakuwa na mke?"

Shikilia hakuwa anasikiliza sana. Alikuwa anayatazama matairi. Yalikuwa yamejaa, yamekazana, mapya kama ngoma. Akakumbuka majani ya uani na yale matumbo yaliyotanuka.

"Mzee," alisema, "pale nyumbani ulipima kabla ya kujaza upepo au baada?"

Mzee Futi akainama, akabonyeza tairi kwa kidole gumba. Akakaa kwenye bampa.

"Kabla," alisema.

Na kosa lilikuwa hilo tu. Ni kosa ambalo fundi wa magari asingelifanya, wala dereva. Lakini yeye maisha yake yote amepima magari yaliyo safarini, yaliyofika kwake matairi yamejaa. Hili lilikuwa limelala, naye akalipima usingizini, kisha akaliamsha.

"Miaka ishirini na miwili," alisema, wala si kwa mtu. "Ningekuwa mwanafunzi wangu ningejifukuza."

"Si hawa wa jangwani," Shikilia akaendelea, akimwonyesha yule wa pikipiki kwa kidevu, "wakifika penye mchanga wanatoa upepo kidogo, wakitoka wanajaza tena? Toa upepo hapa. Ng'ambo ujaze. Humo ndani ya meli gari linatembea hatua ngapi?"

Msafiri yule hakujua lugha, lakini alijua matairi. Alipoona watu wanne wameinamia gurudumu moja, alienda kwenye sanduku la pikipiki yake, akatoa pampu ndogo ya kukanyaga kwa mguu, akamwekea mzee mikononi, akamfunga vidole juu yake. Kwa ishara akamwambia: yako. Matairi yakatolewa upepo, moja baada ya jingine, ssss, kama mtu anayeshusha pumzi aliyoibana tangu asubuhi.

Fito ikasimamishwa tena.

"Thelathini na tisa," Shikilia alisema.

"Soma vizuri."

"Na nusu."

"Basi andika na nusu," mzee alimwambia Mhuri, na Mhuri akagonga mhuri ule kwa nguvu mpaka kalamu zikaruka mezani.

Lakini furaha ile haikulala. Alasiri feri ilipofika na kumwaga magari yake, Mzee Futi alimchukua Shikilia wakapanda humo kupima kitu cha mwisho. Ndani ya meli, mtu akishaegesha gari haruhusiwi kubaki humo. Gari hufungwa kwa mikanda, mlango wa sitaha hufungwa, na kila mtu, mkubwa kwa mdogo, hupanda ngazi kwenda kukaa juu na abiria. Ubao wa onyo upo ukutani, umeandikwa kwa rangi nyekundu, na aliyeuandika ni Mzee Futi mwenyewe, kwa mkono wake wa seremala unaojua kunyoosha mistari. Ameisimamia sheria hiyo hata kwa watu waliotaka kubaki na mbwa wao. Kwa mkewe alikuwa amepanga machela.

Ngazi ni za chuma, kumi na tisa. Upana sentimita sabini na moja. Katikati zina kona. Walichukua ubao wenye urefu wa machela, mzee mbele, Shikilia nyuma, wakapanda. Ubao ukafika kwenye kona ukagoma. Wakauinua, ukagoma. Wakausimamisha, ukapita, lakini mgonjwa hasimamishwi kama ubao.

Mabaharia waliwaona wakihangaika. Ni watu wema. Mmoja, jitu la mabega, alisema, "Mzee, hilo tu? Sisi wanne tutampakata mama, mkono kwa mkono, hata hataona ngazi."

Mzee Futi hakuweza kusema atambeba mwenyewe. Mwaka juzi alipasuliwa ngiri, na hospitali walimkataza kuinua hata ndoo iliyojaa. Akawashukuru, kisha yeye na Shikilia wakaenda kumpelekea Bibie habari.

Bibie alisikiliza mpaka mwisho. Mkono wake mzima ulikuwa unakunja upindo wa shuka, unakunjua.

"Wanaume wanne," alisema.

"Ni vijana wazuri, Bibie. Wana adabu."

"Sijasema hawana. Nimesema wanne." Akajaribu kucheka. "Wewe mmoja tu ulinichukua miaka mitatu kukuzoea."

"Ni dakika mbili."

"Mume wangu, mimi nguo yangu sijui inapanda wapi mtu akinishika. Mguu huu hausikii, siwezi hata kuufunika. Nimezaliwa na aibu zangu, nataka kufika nazo. Sitaki dada anishike uso nami nikiwa bado naisikia ile mikono." Akageukia dirishani. "Basi. Tusiende. Ijumaa mpigie umwambie njia imekataa."

Shikilia alitaka kusema kitu, lakini kwenye chumba cha mume na mke kuna maneno ambayo mgeni hayagusi. Akamkaza mtoto wake mgongoni, akatoka taratibu. Uani gari la mikate lilikuwa limesimama na kidirisha chake wazi, shuka safi limeshatandikwa, pembe zimekunjwa sawasawa.

Siku mbili zilizofuata Mzee Futi alifanya kazi bila kusema. Hata "Shikilia!" hakuita. Alikuwa ananyanyua mkono tu. Bwana mmoja mwenye gari-nyumba kubwa alibisha juu ya ngazi yake ya nyuma, na mzee badala ya kumpa jibu lake la siku zote akamtazama tu, mpaka yule bwana akaona haya akanyamaza. Safari ilikuwa Alhamisi. Mhuri hakulitoa jina lao kwenye orodha, na hakuna aliyemwambia alitoe.

Jumanne alasiri Shikilia alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha chumba chake, anachambua mchele, mtoto amelala kwenye mkeka ndani, aliposikia hodi. Alikuwa Mzee Futi, amevaa shati lililopigwa pasi vibaya. Hakuwahi kufika kwake. Shikilia akaruka, akampa kigoda, akatafuta maji, akarudi akiwa amesahau kikombe.

"Kaa," mzee alisema. "Sikuja kunywa maji."

Akatoa karatasi mfukoni, akaikunjua gotini, akaisoma kama anavyosoma siku zote.

"Ngazi kumi na tisa. Kila moja kimo sentimita ishirini. Upana sabini na moja. Mtu mmoja anapita. Mtu mwenye mzigo mgongoni anapita pia, hata kwenye kona. Nimejaribu jana na mfuko wa msasa na mbao, mzigo mwepesi tu. Mkono wa kushoto una chuma cha kushikia kuanzia chini mpaka juu, hakijalegea, nimekitikisa." Akavuta pumzi. "Kliniki walimpima wiki iliyopita. Kilo thelathini na tisa."

"Amepungua," Shikilia alisema.

"Amepungua."

Ndani mtoto akaamka, akalia. Shikilia akaomba radhi, akaingia akamchukua, akatoka naye. Akainama, akamrusha mgongoni, akazungusha mbeleko chini ya makalio ya mtoto, akaikaza kifuani, akafunga fundo. Yote hayo aliyafanya akiwa anasema, "Endelea mzee, nakusikiliza." Mtoto akabandika shavu kati ya mabega yake, akanyamaza.

Mzee Futi alikuwa anamtazama. Karatasi ilikuwa bado gotini, lakini hakuisoma tena.

"Hapo mtoto haonekani miguu," alisema.

"Haonekani, mzee. Nguo inafunika vyote."

"Na fundo hilo linashika?"

"Linashika."

Jirani wa mbali alikuwa anatwanga kitu, na kila pigo lilisikika peke yake. Mzee akaikunja karatasi mara mbili, mara nne, mpaka haikukunjika tena.

"Jana nilimuuliza Bibie," alisema. "Nikamwambia, dunia nzima hii, ni nani akikubeba hutaona aibu? Akamtaja mama yake. Mama yake ni marehemu. Akamtaja dada, na dada ndiye huyo tunayemwendea. Halafu akanyamaza, nikadhani amesinzia. Akaja akasema, yule anayekushikia futi. Akasema, yule hata akimpa mtu chungwa humpa kwa mikono miwili."

Shikilia akaweka chini ungo wa mchele.

"Mimi sijui kuomba," Mzee Futi alisema. Sauti yake ilikuwa imepungua, imekuwa ya mtu mwingine, kijana zaidi. "Nimetafuta maneno njia nzima sikuyapata. Ukikataa sitakasirika, kazi yetu itabaki vile vile. Alhamisi saa mbili asubuhi, mwanangu. Ngazi kumi na tisa. Nibebee mke wangu."